Tembo Wakipatana, Nyasi Huumia Zaidi

Mwananchi asimamaye Kisawasawa, milima ya Udzungwa ikiwa mgongoni mwake na bonde la Kilombero limetandaa mbele ya macho yake, huenda akadhani kwamba mambo yaliyotendeka zamani katika majumba ya Sultani kule Unguja hayamhusu. Bahari iko mbali naye. Yanayomshughulisha ni mpunga, miwa, na hali ya barabara ya Ifakara wakati wa masika. Ndugu yake wa Visiwani naye, akaaye Malindi au Wete, huenda akadhani kwamba Kilombero ni jina tu lililoandikwa juu ya mfuko wa sukari. Kila mmoja huitazama historia ya mwenziwe kama hadithi ya jirani.

Sisi twasema kwamba wote wawili wanakosea. Kuna siku ambapo kisiwa na bonde viliwekwa katika karatasi moja na kugawanywa kwa kalamu moja, na watu ambao wengi wao hawakupata kuviona. Siku hizo zilikuwa za mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Novemba 1886, wakati serikali za Uingereza na Ujerumani zilipoandikiana barua na kuafikiana juu ya mipaka ya milki ya Sultani wa Zanzibar. Mwenye milki hakuwamo katika maafikiano hayo. Wakazi wa bonde hili hawakujua hata kwamba barua zinaandikwa.

Wahenga walituachia methali kwamba wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Methali hiyo ni ya kweli, na viongozi wetu wameitumia mara nyingi kueleza shida za nchi ndogo katika ulimwengu wa wakubwa. Lakini mambo ya Usultani wa Zanzibar katika karne ya 19 yatufundisha jambo la pili, nalo ndilo tunalotaka kulieleza leo: nyasi zilipata nafasi ya kupumua wakati tembo walipokuwa wakitazamana kwa chuki, zilikwisha siku tembo walipopatana.

Dola iliyosimama kwa kuegemea

Seyyid Said bin Sultan, aliyetoka Omani na kuyafanya makao yake Unguja, alijenga dola ya biashara. Karafuu za Unguja na Pemba, pembe za ndovu kutoka bara na ushuru wa forodha ndivyo vilivyoijaza hazina yake. Wageni walimiminika kufanya mikataba naye: Wamarekani mwaka 1833, Waingereza mwaka 1839, Wafaransa mwaka 1844. Kila taifa lilitaka balozi wake akae karibu na kasri. Kwa macho ya mtu wa nje, hiyo ilikuwa dalili ya heshima. Kwa hakika ilikuwa dalili kwamba mali ya mahali hapo imekwisha kuonekana.

Seyyid Said alifariki baharini mwaka 1856, na wanawe wakagombania urithi. Thuwaini alikuwa Maskati, Majid alikuwa Unguja, na Barghash, aliyekuwa kijana, naye alitaka kiti. Mwaka 1859 Barghash aliasi. Waingereza walisimama na Majid, wakiwashuku Wafaransa kwamba wako nyuma ya muasi, na Barghash akapelekwa Bombay. Shauri la Maskati na Unguja likapelekwa mbele ya Lord Canning, mtawala wa Uingereza kule India, naye mwaka 1861 akaamua kwamba nchi hizo mbili zitengane na kwamba Unguja iilipe Maskati reale 40,000 kila mwaka. Basi tuzingatie: ndugu wawili wa damu walishindwa kukaa kitako na kugawana mali ya baba yao, wakampa mgeni mizani.

Tarehe 10 Machi 1862 Uingereza na Ufaransa zilitia saini kule Paris tamko la kuheshimu uhuru wa masultani wa Maskati na Zanzibar. Wako waliolipokea tamko hilo kama ngao. Lakini yafaa kuliangalia vizuri. Ahadi ile haikuwa baina ya Mfaransa na Sultani, wala baina ya Mwingereza na Sultani. Ilikuwa baina ya Mfaransa na Mwingereza, kila mmoja akimwahidi mwenziwe kwamba hatakula peke yake. Mfaransa alikuwa na Réunion, kisiwa cha mashamba kilichohitaji watu wa kazi, na tangu miaka ya 1840 alikuwa amekwisha kuishika Mayotte. Mwingereza alikuwa akilinda njia ya India. Kwa kuwa hakuna aliyemwamini mwenziwe, Sultani aliishi. Uhuru wake ulikuwa pengo lililoachwa kati ya migongo miwili.

Hatupendi kumlaumu Sultani kwa kuwa mdogo. Udogo si dhambi. Lawama yetu ni juu ya namna dola ile ilivyotumia miaka yake ya kupumua. Forodha, ambayo ndiyo iliyokuwa mshipa wa hazina, ilikodishwa kwa matajiri wa biashara. Jeshi lilipoundwa upya katika miaka ya 1870, lilikabidhiwa mikononi mwa afisa wa Kiingereza, Lloyd Mathews. Balozi wa Uingereza, John Kirk, akawa mshauri ambaye neno lake halikupita bila kusikilizwa. Kimbunga cha Aprili 1872 kilipozizamisha meli za Sultani na kuing'oa mikarafuu ya Unguja, Barghash, aliyekwisha kukalia kiti tangu 1870, alijikuta na hazina tupu. Mwaka uliofuata, chini ya tishio la kufungiwa bandari na manowari, alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa.

Kufungwa kwa masoko hayo ilikuwa haki, na hakuna mwana wa bonde hili atakayeyalilia, maana babu zetu wapo waliopitishwa njia ya Kilwa shingoni mwao mkiwa na kongwa. Hapo ndipo ulipo udhaifu mkubwa wa dola ile. Ilisimama juu ya mabega ya watu ambao haikuwahesabu kuwa ni watu wake. Bendera nyekundu ilipepea pwani, na misafara yake ilifika hadi maziwa makuu, lakini siku ya dhiki Sultani hakuwa na umma wa kuuita. Hakuna mtumwa atakayekimbia kulizima shamba la bwana wake linapowaka moto.

Karatasi za Msowero

Mwishoni mwa mwaka 1884 Mjerumani Carl Peters na wenzake walipita Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami, na kwa muda wa majuma machache walirudi pwani na rundo la karatasi walizoziita mikataba. Maarufu kati ya hizo ni ile ya Mangungu wa Msowero, mahali palipo katika mkoa huu wetu wa Morogoro. Mangungu aliwekewa mbele yake karatasi ya Kijerumani, lugha asiyoijua, na kwa karatasi hiyo ikasemekana kwamba ameitoa nchi yake pamoja na haki zake zote. Katika miaka ya shule tulifundishwa kumcheka Mangungu. Leo twaona kwamba tulifundishwa kumcheka asiyestahili. Wa kuchekwa ni yule awezaye kusoma, na akatia saini bila kusoma.

Mkutano wa Berlin, ambako wakubwa wa Ulaya waliweka kanuni za kuigawana Afrika, ulifungwa tarehe 26 Februari 1885. Siku iliyofuata Kaiser Wilhelm I alitia saini hati ya kuziweka nchi alizozidai Peters chini ya ulinzi wake. Mwaka huo huo mwenzi wake Peters, Joachim von Pfeil, alifika hadi mto Ulanga, ndiyo kusema hadi ndani ya bonde hili letu. Mto uliowanywesha watu na ng'ombe tangu zama za zama ukaanza kuandikwa katika ramani za watu wengine.

Barghash alipinga. Mnamo Aprili 1885 alipeleka malalamiko kwa Kaiser, akisema kwamba nchi zile ni zake. Jibu lilikuja Agosti: manowari za Ujerumani zilitia nanga mbele ya kasri lake. Sultani akageuka kumtazama rafiki yake wa miaka mingi. Rafiki hakuwa na la kumsaidia. Uingereza ilihitaji kuungwa mkono na Bismarck katika mambo ya Misri, na Kirk, ambaye siku zote alimwahidi Barghash kheri ya Uingereza, aliagizwa na London amshauri akubali. Hapo ndipo methali yetu inapogeuka. Uadui wa wakubwa ulikuwa umekwisha, na suluhu yao ilikuwa na bei. Aliyelipa bei hiyo ni yule ambaye hakuwamo katika ugomvi wala katika suluhu.

Ikaundwa tume ya kupima mipaka ya milki ya Sultani. Mwingereza alikuwa na mjumbe, Mjerumani alikuwa na mjumbe, Mfaransa alikuwa na mjumbe. Mwenye milki hakupewa kiti. Matokeo yake yakawa maafikiano ya 1886: Sultani aliachiwa visiwa vya Unguja, Pemba, Mafia na Lamu, pamoja na ukanda wa mwambao wenye upana wa maili 10, yaani kiasi cha kilomita 16, na baadhi ya bandari za Banadir. Bara yote iliyobaki ilikatwa kwa mstari kutoka mdomo wa mto Umba hadi Ziwa Victoria. Kaskazini mwa mstari ikawa ya Mwingereza kuipanga, kusini ikawa ya Mjerumani. Kilombero ikaangukia kusini.

Na ile ahadi ya Paris ya 1862? Mfaransa alinyamazishwa kwa kuachiwa mkono wake huru katika Komoro. Mreno naye alipoona meza imeandaliwa, mwaka 1887 aliichukua kwa nguvu ghuba ya Tungi kule kusini. Barghash alikubali kwa sababu hakuwa na njia nyingine, akafariki Machi 1888.

Waliokataa

Wale waliotia saini walidhani kwamba mambo yamekwisha. Agosti 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipokuja kupandisha bendera yake katika miji ya mwambao, kwa mkataba uliotiwa saini na Sultani Khalifa mwezi Aprili, Pangani ilikataa, na miji mingi ya pwani ikafuata. Abushiri bin Salim aliongoza vita hivyo, na Bwana Heri akasimama Saadani. Watu wa mwambao walimwambia Sultani kwa vitendo kwamba alichokitoa hakikuwa chake peke yake kukitoa.

Wakubwa walifanya nini? Mwishoni mwa 1888 manowari za Uingereza na Ujerumani zilifunga mwambao pamoja. Mataifa yaliyokuwa yakitupiana macho ya husuda miaka michache nyuma sasa yalilinda doria bega kwa bega, na sababu iliyotangazwa ilikuwa ni kuzuia biashara ya watumwa na silaha. Wasomaji wetu wajifunze hapo: mabeberu hawakosi jina jema la kulipa jambo lao.

Ndipo bonde letu likaingia vitani. Abushiri aliposhindwa pwani aliingia bara, akaishambulia boma ya Mpwapwa, kisha akarudi na jeshi la Wambunga, watu wa huku Kilombero na pande za Mahenge. Mnamo Oktoba 1889 walipigana na Wajerumani huko Yombo, nyuma ya Bagamoyo, wakavunjwa kwa bunduki. Hatusemi kwamba walikwenda kama malaika. Vijiji vya Uzaramo viliteswa nao, na ukweli huo usifichwe kwa ajili ya fahari. Lakini ni ushahidi kwamba mtu wa bonde na mtu wa mwambao walisimama upande mmoja miaka mitatu tu baada ya mstari ule kuchorwa. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilimaliza hesabu. Ujerumani ilikubali Unguja na Pemba ziwe chini ya himaya ya Uingereza, ikaiacha na Witu. Uingereza ikatoa Heligoland, kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaskazini, na ikaahidi kumshawishi Sultani auachilie mwambao wa kusini kwa Wajerumani. Sultani akalipwa marki milioni 4, na Mafia ikaondoka pamoja na mwambao huo. Mfaransa akalikubali jambo hilo mwezi uliofuata, naye akakubaliwa Madagaska. Basi Mngazija, Mmalagasi, Mpemba na mwana wa Kilombero wote waliingia katika daftari moja la madeni ya watu wengine.

Mlango wa mwisho ulifungwa mwaka 1896. Sultani Hamed bin Thuwaini alipofariki tarehe 25 Agosti, Khalid bin Barghash aliingia kasri bila ya idhini ya balozi wa Uingereza. Asubuhi ya tarehe 27, saa 3, manowari za Kiingereza zilianza kupiga kasri. Vita havikutimiza hata saa moja. Watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Khalid alikimbilia ubalozi wa Ujerumani, na baadaye manowari ya Kijerumani ikampeleka Dar es Salaam. Mjerumani alimpa kitanda cha kulala. Hakumpa hata risasi moja ya kukitetea kiti chake, kwa maana hesabu yake na Mwingereza ilikuwa imekwisha.

Huku bara hesabu ililipwa kwa damu. Emil von Zelewski, yule yule aliyewachokoza watu wa Pangani mwaka 1888, aliangamizwa na majeshi ya Mkwawa huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Miaka saba ikapita kabla ya Mkwawa kufariki, Julai 1898. Na mwaka 1905 Wapogoro na Wambunga wa pande hizi waliingia katika vita vya Maji Maji, wakaishambulia boma ya Mahenge tarehe 30 Agosti. Adhabu yake ilikuwa ni mashamba kuchomwa na njaa kuachiwa ifanye kazi iliyobaki.

Meza ile ile, kiti tofauti

Kama historia ingeishia hapo, tungekuwa na maombolezo tu. Lakini nchi hii ilipata nafasi ya pili ya kukaa kati ya wakubwa wanaotazamana, na safari hii mambo hayakwenda kama yale ya kwanza.

Uhuru wa Zanzibar wa Desemba 1963, Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 na Muungano wa tarehe 26 Aprili mwaka huo vilikuja katikati ya ugomvi wa Mashariki na Magharibi. Kwa kinaya cha historia, waliogombania Unguja safari hii walikuwa Wajerumani wawili. Ujerumani Mashariki ilikuwa rafiki wa Visiwani, na nyumba za Kikwajuni zingali zikishuhudia. Ujerumani Magharibi haikutaka nchi yoyote rafiki yake iitambue ile ya Mashariki. Mwaka 1965, Tanzania ilipoiruhusu Ujerumani Mashariki kufungua ubalozi mdogo Dar es Salaam, ile ya Magharibi iliondoa msaada wake wa kijeshi. Mwalimu Nyerere hakupeleka malalamiko ya kuomba huruma. Alisema waondoe na msaada uliobaki. Nchi ilipata hasara, na tusijifanye kwamba haikupata. Lakini ilijulikana tangu siku hiyo kwamba hapa pana mwenye nyumba.

Ushahidi wa pili unapita mbele ya macho ya watu wa Kisawasawa wenyewe. Wakubwa wa Magharibi walipokataa kuijenga reli ya kwenda Zambia, Tanzania na Zambia zilikwenda China, na makubaliano yakatiwa saini Septemba 1967. Reli ilijengwa kuanzia 1970 hadi 1975, ikakabidhiwa rasmi Julai 1976, kilomita 1,860, ikipita katikati ya bonde hili. Mang'ula palikuwa na kambi na karakana ya Wachina. Wakati huo huo Wamarekani walikuwa wakisaidia kuijenga barabara kuu ya kwenda Zambia. Mmoja alitandaza mataruma, mwingine alitandaza lami, na nchi ikavipata vyote viwili. Ugomvi ulikuwa kama ule wa karne ya 19. Tofauti ilikuwa ni kiti. Safari hii mwenye nchi alikaa mezani, akajua anachokitaka kabla ya wageni kufika, na nyuma yake alikuwa na wananchi waliojua kwa nini reli inajengwa.

Neno letu kwa watumishi wa umma

Twayasema haya kwa sababu wakubwa wanatazamana tena. Septemba 2024 hati ya maelewano kuhusu kuifufua TAZARA ilitiwa saini Beijing mbele ya marais wa China, Tanzania na Zambia. Upande wa pili Marekani na Umoja wa Ulaya wanaisaidia njia ya Lobito, itakayoyapeleka madini ya Kongo na Zambia kwenye bahari ya Atlantiki. Wako wanaofurahi kwamba tunagombaniwa. Kugombaniwa si jambo baya. Barghash naye aligombaniwa. Swali ni je, siku wagombanao watakapopatana, sisi tutakuwa katika meza au katika orodha ya vyakula?

Kwa hiyo tuna maneno matatu kwa watumishi wa umma, wa Bara na wa Visiwani. La kwanza, someni. Sisi tuliokalia mkeka wa chuo kabla ya kukalia dawati la shule tulifundishwa mapema kwamba deni huandikwa, kwamba mwandishi aandike kwa uadilifu, na kwamba mashahidi wawepo. Mafundisho hayo hayakuishia katika mikopo ya unga na sukari. Mkataba wa bandari, wa reli, wa mgodi au wa shamba ni deni, na mlipaji wake ni mtoto ambaye hajazaliwa. Afisa atiaye saini asichokielewa hana udhuru wa Mangungu.

La pili, msiukodishe mshipa wa hazina na mkono wa ulinzi kwa wakati mmoja. Barghash alikuwa na marafiki, lakini forodha yake ilikuwa kwa mwingine, jeshi lake lilikuwa kwa mwingine, na ushauri wake ulikuwa kwa mwingine. Siku alipohitaji kusema hapana, hakuna kiungo cha mwili wake kilichomtii. Na mali iliyopatikana itunzwe. Reli tuliyoipata kwa ujasiri tuliiacha ichakae kwa uzembe, na uzembe huo hatuwezi kumsingizia beberu.

La tatu, na ndilo kubwa kuliko yote, msichore mstari bila ya aliye ndani ya mstari. Hapa Kilombero tunajua uzito wa jambo hilo. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa iliundwa mwaka 1992, na kwa miaka kadhaa wanavijiji wa pembezoni waliruhusiwa kuokota kuni kavu kwa siku maalumu, hadi ruhusa hiyo ilipofutwa mwaka 2011. Hatuilinganishi hifadhi na ukoloni, la hasha. Msitu ule ndio mama wa mito inayotulisha, na kuulinda ni wajibu. Twasema tu kwamba mama aliyekuwa akizifuata kuni zile anastahili kuelezwa, kusikilizwa na kupewa njia nyingine kabla ya mlango kufungwa, si baada yake. Serikali yenye wananchi nyuma yake haitishiki kwa manowari. Serikali iliyowaacha wananchi wake nje ya mlango huanguka kwa barua tu.

Kwa ndugu zetu wa Visiwani tuna neno moja. Wako wanaoisimulia habari ya Usultani kana kwamba ni msiba wa kasri pekee, na wako wa huku wanaoisimulia kana kwamba ni dhambi ya kasri pekee. Simulizi hizo mbili zinamwacha nje mgawaji mwenyewe. Aliyepiga mabomu Unguja na aliyechoma mashamba ya Mahenge walikuwa wamekwisha kupeana mikono miaka mingi kabla ya hapo. Sisi tuliogawanywa na suluhu yao tuna haki ya kuwa na suluhu yetu wenyewe, iliyoandikwa kwa lugha tunayoisoma, tukiwa tumekaa kitako sote. Yanayotutatiza katika Muungano wetu tuyaseme sisi kwa sisi, wazi, bila ya kumkabidhi mgeni mizani kama walivyofanya Majid na Thuwaini.

Treni ipitapo Kisawasawa usiku, watoto huamka na kuusikiliza mlio wake hadi upotelee upande wa Ifakara. Ni vizuri wakajua kwamba mbele ya mlio huo ilitangulia karatasi ya 1886 iliyoandikwa bila ya babu zao kuulizwa. Na ni vizuri zaidi wakikua wawe watu wa kuulizwa.